Shanga za Gizani

Kazi yangu haijawahi kueleweka nyumbani. Ninatunza hadubini ya fluoresensi katika maabara moja hapa Kampala. Mashine hii inamulika kitu kwa leza, kitu kinawaka kwa rangi nyingine, nawe unakitazama. Ili ione vizuri, leza lazima ikusanyike kwenye nukta ndogo sana. Nukta hiyo ina kikomo, na mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe alishamaliza ubishi huo mwaka 1873: chukua urefu wa wimbi la mwanga, gawanya kwa mara mbili ya ile namba ya uwezo iliyoandikwa kwenye lenzi. Leza yangu ni ya nanomita 488 (nanomita milioni moja ndiyo milimita moja), lenzi ni 1.4. Jibu ni kama nanomita 174.

Rula ya kupimia kitu hicho hakuna. Tunatumia shanga, ndiyo, shanga: vitufe vya plastiki vyenye rangi inayowaka, kila kimoja nanomita 100. Upana wa unywele mmoja unameza shanga kama 800. Unazichanganya na maji, unadondosha tone kwenye kioo chembamba, likikauka unatafuta moja iliyojitenga, unapima upana wa mng'ao wake kwenye nusu ya kilele.

Mimi nikapata 340. Nikasafisha lenzi, nikabadilisha mafuta yake, nikalaumu malori yanayotikisa barabara. 340! Wiki ya pili nikawaandikia waliotuuzia lenzi barua ya ukali ambayo sasa natamani ingepotea njiani.

Usiku ule nikampigia rafiki yangu wa Nairobi, mwenye hadubini kama yangu. Nilikuwa kibarazani kwetu Kibuli. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Bombo, na dirisha la chumba chake lilikuwa wazi. Alichosikia ni hiki:

"Kaka, shanga zitaniua... Gizani, tena giza totoro, taa ikiwaka tu mambo yameharibika... Ndogo ndogo, hizo kubwa sizitaki... Mafuta? Nilipaka, tena mengi... Jana nilikuwa nazo mpaka saa nne za usiku. Mama watoto anajua niko kazini."

Sasa, msomaji wa Kiswahili sina haja ya kumfundisha shanga huvaliwa wapi na hutazamwa na nani. Baganda nao wana obutiti zao.

Asubuhi chai haikuwa na sukari. Mama mkwe alitazama ukuta, akasema, "Baba, binti yangu nilikupa kwa mikono miwili." Nikamjibu, "Ahsante, mama," nikapanda bodaboda.

Saa tano nimezima taa, hadubini inachora picha mstari kwa mstari, mlango ukafunguka kwa kishindo. Taa ikawashwa. Picha ikawa nyeupe pe.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mwenye shanga!"

Mke wangu mbele, mama yake nyuma na mkoba ameukumbatia kama ngao. Wenzangu wa chumba cha pili walikwisha kusimama mlangoni. Kazi yao siku hiyo ilikuwa mimi. Nikazima taa, nikamkalisha mbele ya skrini, nikaanza upya.

Akatazama. Mke wangu anatengeneza shanga za karatasi na kuziuza, kwa hiyo akatazama kama fundi.

"Unapima ipi?"

"Hii."

"Kwa nini hii?"

"Ndiyo inayowaka kuliko zote."

"Baba watoto, kama zote ni saizi moja, hii inawezaje kuwashinda wenzake? Tena imekaa kama yai. Hizo ni mbili tatu zimegandana. Sisi tukizitoa kwenye vanishi tunazitundika mbalimbali. Zikikaukia pamoja, umezipoteza."

Maabara nzima ikanyamaza. Wiki mbili nilikuwa nikichagua zinazong'aa zaidi, yaani mafungu.

Nikaongeza maji mengi, nikatikisa chupa kwenye beseni la mawimbi ya sauti, nikakausha tone jipya, nikachagua kijishanga kimoja kinyonge. 205. Ukiondoa unene wa shanga yenyewe, lenzi haina kosa lolote.

Mama mkwe, ambaye hakuwa amefungua kinywa, akaichukua ile chupa, kimo chake kidole gumba.

"Hii shilingi ngapi?"

Nikamtajia.

Akairudisha mezani taratibu, akamgeukia binti yake. "Twende, mwanangu. Mwanamke angekuwa nafuu."