Jambo si mtu, sawa. Kampuni je?

Kinyozi alizima mashine katikati ya kichwa changu ili acheke vizuri. Mzee mmoja hapa Kitale alikuwa amemsimulia kwamba huko Marekani ndovu wameenda kortini kudai uhuru wao, wakashindwa. "Wakili walimlipa na nini, majani?" Mimi sikucheka, nikaonekana najifanya.

Ndovu wenyewe ni watano, wote wa kike, wa jamii ya hawa wetu wa Afrika, waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Colorado Springs. Mmoja anaitwa Jambo. Jambo, kama ile salamu tunayowawekea watalii! Watetezi wao walipeleka ombi la habeas corpus, lile lile ambalo mawakili wetu hukimbilia kijana akipotelea mikononi mwa polisi. Hawakuomba waachiliwe barabarani. Waliomba wahamishiwe hifadhi yenye nafasi. Januari 2025 majaji sita wa Mahakama ya Juu ya jimbo hilo wakasema kwa kauli moja kwamba ombi hilo ni la mtu, na ndovu si mtu. Ndovu mwingine, Happy wa New York, alijibiwa vivyo hivyo 2022, ila kule majaji wawili kati ya saba walipinga uamuzi huo.

Haya, ndovu si mtu. Mkonga unajieleza. Lakini hebu fungua Katiba yetu ya Kenya, kifungu cha 260, usome "mtu" ni nani: kampuni imo. Kampuni! Haina mguu wa kuuma kwa kusimama kwenye saruji, haijawahi kufiwa na mama, ila ukiigusa leo, kesho iko kortini na mawakili watatu. Kwa hiyo sheria inajua kumvika utu asiye na damu. Mwenye damu ndiye anayekosewa kipimo.

Najua, bustani ina daktari na chakula kwa saa. Na majirani wa Mlima Elgon watanidai mahindi yao yaliyokanyagwa. Wana haki, na fidia inakawia.

Lakini niliwahi kuingia pango la Kitum, huko huko Mlima Elgon. Aliyetuongoza aliushika mkono wangu akaupitisha ukutani: mifereji ya pembe, mmoja ukameza kidole changu chote. Ndovu huingia humo usiku, giza totoro, wakipapasa njia kwa mkonga, kuchimba chumvi. Watoto hufuata mama zao.

Nilimsimulia kinyozi hayo. Akanyamaza, akawasha mashine, kisha akauliza kama huyo Jambo huletewa chumvi kwa ndoo.

Nadhani ndiyo.