Simu ya Shangazi na Dhahabu ya Kuazima

Kwa vile shoga yangu ameshatangaza kutoka Langoni hadi Shela kwamba nimewaharibia watu kupamba kwao, ile sherehe ya wanawake ya kumtoa bi harusi, naomba na mimi nisikilizwe. Yeye alikuwepo, ndiyo. Tena ndiye niliyekuwa nikimwambia.

Muziki ulikuwa juu yangu. Laptopu yangu mnaijua: tundu la USB lililo hai ni moja, nalo la zamani, USB 2.0. Nikachomeka habu, kile kidude cha kugeuza tundu moja kuwa manne, ile isiyo na waya wake wa stima. Diski ya nyimbo hapo, kipanya hapo, kifeni hapo, maana joto lilikuwa la Lamu na make-up ni yangu. Likabaki tundu moja. Shangazi wa bwana harusi akaliona.

"Mwanangu, nitilie simu chaji."

Ninyi mngemkatalia? Semeni kweli.

Bi harusi akaingia. Vigelegele, spika juu, nami nikamwinamia shoga yangu.

Sasa hapa twende polepole. Kifeni kikazubaa. Diski ikalia tik. Ikanyamaza. Tik. Wimbo haukukatika papo hapo, uliendelea maneno mawili matatu ambayo laptopu ilikuwa imeshayameza. Ndiyo maana sikushtuka. Nikajaza kifua ili nizishinde spika: "ILE DHAHABU YA SHANGAZI..." spika kimya "...NI YA KUAZIMA, WALLAHI!"

Vigelegele vikakatika. Hata mtoto aliyekuwa akililia soda alinyamaza anitazame. Shangazi yuko ubavuni pangu, mkono kwenye mkufu.

Mdogo wake bi harusi ni fundi wa simu. Kwa wanawake haingii, basi akanisomesha nyuma ya mlango, kana kwamba nilikuwa na akili ya kusoma saa ile. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500 kwa volti 5, yaani wati 2.5, basi. Habu isiyo na umeme wake haiongezi kitu, inagawa hizo hizo. Kwa kanuni kila tundu lake ni la miliampea 100. Kipanya kitashiba. Diski inayozunguka yaweza kumaliza zile 500 zote peke yake, na simu nayo ikaja kukaa kwenye sinia hilo hilo. Akanipenyezea habu yenye adapta ya kuchomeka ukutani: nyimbo zinapita laptopu vile vile, ila umeme watoka ukutani, na adapta ikiwa na nguvu ya kutosha kila tundu linapata miliampea 500 zake.

"Na stima ikipotea?"

"Usiseme kitu."

Muziki ukarudi, watu wakacheza, wakala, wakaondoka. Shangazi akaja kuchomoa simu yake, niliyoisahau kwenye habu ya kwanza, bila salamu, akaitazama.

"Muda wote huu, asilimia mbili?"