Kontena Malindi: kwa mzigo sawa, kwa mtu ngoja kwanza

Makontena ya meli yamekuwa sehemu ya sura ya Malindi. Moja ni ghala la saruji, jingine kinyozi, jingine ofisi ya kuuza viwanja. Wanaoyapenda wanasema yamempa kijana mahali pa kufanyia kazi bila kungoja miaka ya kujenga. Wanaoyachukia wanasema yanaugeuza mji wa kale kuwa yadi ya bandari. Kwangu ubishi huu wa sura unatupotezea muda. La kuuliza ni nini kitakaa ndani, na kontena lenyewe litakaa kwenye ardhi ya nani.

Kwa upande wa ghala, sioni hoja kubwa ya kulipinga. Kenya huagiza mizigo mingi kuliko inayosafirisha nje, kwa hiyo makontena mengi hushuka Kilindini, bandari ya Mombasa, yakiwa yamejaa na kuondoka matupu, na yaliyochoka huishia sokoni. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120 za lami. Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6 na ushei, upana wa mita 2.4, na likiwa tupu lina uzito wa tani 2 na kitu. Kreni ikilitua kwenye vipande vinne vya zege, kimoja kila pembe, kesho yake unapanga bidhaa. Kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, au kikundi cha wavuvi chenye mashine za boti na nyavu, hiyo ni nafuu ya kweli. Kibanda cha mabati mwizi hukifungua kwa mkasi. Kontena litamtaka mashine ya kukatia chuma, na kelele ya mashine hiyo usiku wa manane itaamsha mtaa mzima.

Hata hivyo, sidhani kuwa wizi ndio unaowapeleka wengi kwenye kontena. Ni ardhi. Sheria ya hatimiliki ya 1908 iliwapa wachache hati katika ukanda wa pwani, na madai ya wengi, hasa Wamijikenda, yakabaki nje ya daftari. Ndiyo maana hadi leo huku kwetu si ajabu mtu kumiliki nyumba huku kiwanja kikiwa cha mwingine, naye akilipa kodi ya ardhi kila mwezi. Ukijenga kwa mawe kwenye kiwanja cha namna hiyo, umezika pesa zako. Siku ukiambiwa uhame, utang'oa milango na madirisha, kuta utaziacha. Mwenye kontena anaita lori. Kwa jicho hilo, kontena limerithi desturi ya nyumba bila ardhi, tena limeirekebisha pale ilipokuwa ikiwaumiza watu.

Ila uhuru huo una bei. Lori lenye kreni si bure, na asiye na akiba ya kulilipa yuko pale pale alipo mwenye nyumba ya mawe. Tena mwenye kiwanja naye ana akili zake: akijua kuwa mali yako inahamishika, haoni sababu ya kukupa mkataba mrefu. Wapo pia wanaoamini kwamba kitu kisicho na msingi hakihitaji kibali. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 inataka idhini ya kaunti kabla ya kuendeleza kiwanja, na kukigeuza kutoka makazi kuwa biashara kumo humo. Wanaojibanza kwenye hifadhi ya barabara ndio huwa wa kwanza kuambiwa waondoke.

Tuje kwa mtu anayekaa ndani. Hapa watetezi huwa wepesi wa maneno. Upande wa Maweni nilimkuta fundi charahani, saa nane mchana, Februari, kaskazi ikiwa imepamba moto. Kontena lake limepakwa rangi nzuri na lina dirisha moja lililokatwa kiunoni. Feni ilikuwa ikizunguka ndani, lakini cherehani ilikuwa nje, chini ya mwarobaini, na fundi naye nje. Ndani kulikuwa na majora ya vitambaa tu. Alilipia karakana, akapata stoo. Bati la ukuta ni la milimita 2 hivi, wala halizuii joto. Jua likilipiga, feni inabaki kuzungusha hewa ile ile ya moto huku tokeni za stima zikiyeyuka.

Hatua chache kutoka hapo, jirani yake alifanya jambo ambalo ningependa kila mnunuzi alione kabla ya kutoa pesa. Amesimamisha boriti nje ya kontena na kuezeka makuti juu yake, akaacha nafasi ya mkono mzima kati ya makuti na chuma ili upepo upite. Madirisha ni mawili yanayotazamana, moja likielekea kusini kunakotoka kusi. Mchana ule mtu alikuwa amekaa humo akipiga hesabu zake bila kujipepea. Sasa jumlisha: kontena, usafiri, boriti, makuti, madirisha na dari ya ndani. Kwa gharama hiyo chumba cha mawe ya matumbawe hakiko mbali tena, nacho hakiwaki mchana. Kinachobaki upande wa kontena ni kwamba linahamishika, na kwa asiye na hati hilo ni jambo kubwa.

Kukata nako kuna siri yake. Nguvu za kontena ziko kwenye nguzo nne za pembeni na mihimili inayoziunga. Kuta za mikunjo zinasaidia zisiyumbe. Ukifungua upande mzima ili upate mbele ya duka bila kuchomelea fremu ya chuma kuzunguka tundu, paa huanza kulegea katikati, na mvua hupata pa kutuama. Hapo chumvi humaliza kazi. Chuma cha makontena, kiitwacho Corten, kimeundwa ili kutu ya juu igande na kuzuia kutu isizidi kula ndani, lakini kwenye hewa ya bahari ganda hilo halishikani vizuri. Malindi, kontena lisilopakwa rangi upya haliendi mbali. Sakafu yake nayo ni plaiwudi ambayo mara nyingi hutiwa dawa ya wadudu kiwandani, kwa hiyo asiifanye mtu jiko au chumba cha watoto kabla ya kuibadilisha au kuifunika. Na makomeo ya milango yake hufungwa kwa nje tu. Mtu akifanya kazi ndani ya kitu kama hicho bila mlango wa pili, moto ukitokea sijui atapita wapi.

Lamu ni habari nyingine. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, vichochoro vyake ni vya punda na watu, na hakuna kreni itakayoingia humo. Mokowe, upande wa bara, au kule kwenye bandari mpya iliyofunguliwa 2021, kontena lina nafasi yake.

Kwa Malindi msimamo wangu ni huu: mwenye mzigo anunue. Mwenye kazi ya kukaa ndani kutwa anunue tu kama kiwanja si chake na pesa za makuti na madirisha ziko mkononi tangu mwanzo, zisiwe za "baadaye". Chuma cha kontena kiunganishwe na ardhi kwa waya (earthing) na fundi wa stima anayejua kazi, maana ukuta mzima ni chuma na mteja ataushika. Na kabla lori halijatoka Mombasa, mkataba na mwenye kiwanja useme wazi notisi ni ya miezi mingapi na nani atailipa kreni siku ya kuondoka.