Mama akisema ukweli, anarukiwa

Dada yangu alikuwa bado ndani ya arobaini alipotuambia, huku analia, kwamba akimtazama mwanawe hahisi chochote, na usiku mwingine anatamani asingemzaa. Sebule nzima ikamrukia. "Mkosa shukrani wewe! Wenzio wanahangaika kwa waganga wapate hata mmoja!" Tangu siku hiyo kila anayemuuliza anajibiwa "salama, alhamdulillahi", na usingizi hapati.

Inanikera mno. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu mama 1 kati ya 5 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua. Wote hao tuwafokee? Uji wa pilipili manga tunajua kuwapikia, maji ya moto tunajua kuwakanda, kuwasikiliza ndiyo kunatushinda!