Namtafuta Mzungu wa Kofia Nyekundu

Mimi ni fundi wa vigae. Dodoma hii, tangu serikali ihamie, kigae hakijui Jumapili. Ukitoka Ilazo unaitwa Iyumbu, na kabla hujafika Iyumbu kuna mama wa Nzuguni alishakulipa nusu, anakusaka kwa namba tatu tofauti. Kwa hiyo asije mtu kusema nilikosa kazi ya kufanya. Kazi ninayo. Kilichoniponza ni kunyoa.

Nilikuwa kwa kinyozi wangu pale Chang'ombe, Jumamosi, foleni ya watu wanne. Kinyozi huyu ana tabia ya kuegemeza simu kwenye kopo la poda mbele ya kioo, akawa anaangalia video huku mashine inatembea kichwani kwako. Kwa kawaida ni mpira, au mtu kaanguka ukumbini na sahani ya pilau. Siku hiyo simu ikajiendea yenyewe, ikaleta mzungu kakaa kwenye kona ya skrini, na mbele yake visanduku vitupu, tisa kwa tisa. Tisa kwa tisa ni 81, hiyo usiniulize, ndiyo ugali wangu. Katika visanduku 81, vyenye namba vilikuwa viwili. Kimoja 1, kingine 2. Basi.

Mzungu akacheka kama mtu aliyeletewa bili ya maji na bomba lina miezi halijatoa tone.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema wanamtania," akasema kinyozi. "Haliwezekani hilo."

Halafu yule bwana akatulia, akatazama, akaingiza namba. Akaingiza nyingine. Mimi shingo imekaza. Kinyozi ananigeuza kushoto apate kuchonga upande wa sikio, mimi narudi kulia.

"Mzee, ukitikisika nakata sikio."

"Kata, ninalo lingine."

Mara picha ikaganda. Kale kaduara kakaanza kuzunguka, kanazunguka, kanazunguka. Bando limekata! Nikatoa buku hapohapo anunue lingine. Akasema mtandao wenyewe unasumbua, na mimi nimeshamaliza, nimpishe mwenzangu kwenye kiti.

Usiku sikulala. Namba mbili! Mimi ukinipa vigae viwili vya kuanzia namaliza chumba, lakini vigae vyangu vinafanana, hakuna kinachodai hakai na jirani yake. Hivi visanduku 79 vilivyobaki, kila kimoja kina namba yake. Mzungu amezitoa wapi?

Asubuhi nikaanza kuisaka. Hapa ndipo nilipoichukia simu janja. Inakuambia andika unachotafuta. Sasa ningekuwa najua kinaitwaje, ningekitafuta? Nikaandika ninachokumbuka, na nilikuwa nakumbuka vizuri kabisa: mzungu, kofia nyekundu ya kapelo, anacheka, namba. Ikaniletea mzungu anakula ugali kwa dagaa. Ikaniletea mzungu anacheza singeli, tena anajitahidi. Nikaandika "boksi tupu", akaja mtu anauza mabegi ya mtumba.

Nikarudi kwa kinyozi. Simu ile ameshaiuza! Akakuna kichwa (chake, kwa mara ya kwanza) akasema anachokumbuka ni neno moja kwenye jina la video, "miracle".

"Ndiyo nini?"

"Muujiza."

Laiti angenyamaza. Nikaandika "muujiza", na wewe unayeishi nchi hii unajua nilichokutana nacho. Nikaangalia tatu hadi mwisho, kwa sababu mtu makini haachi njiani, huenda visanduku vinakuja baadaye. Havikuja. Ila simu ikawa imeshanihukumu. Kuanzia siku hiyo kila nikiifungua ni maombi, mkesha, mafuta.

Jumatano nimo kwenye daladala ya Nkuhungu, tumebanana kama zabibu kwenye kreti, nikakalia simu vibaya. Mfukoni ikapaza sauti: "Pokeaaa!"

Mama wa kiti cha nyuma akajibu, "Napokea!"

Konda akageuka. "Nauli napokea mimi hapa."

Nyumbani ndiyo balaa. Mke wangu ameniombea miaka tisa. Akashika simu yangu atume hela, akaona mambo. Hakuniuliza chochote, na ukimya wa mke ujue una namba ya simu ya mtu. Jioni akapiga mama mkwe kutoka Mpwapwa.

"Bwana Yesu asifiwe, baba."

"Amina, mama. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia habari njema. Nasikia hulali, unatafuta."

"Ni kweli mama, kuna mtu namtafuta."

"Endelea hivyohivyo. Amtafutaye kwa moyo wote humwona."

"Amevaa kofia nyekundu, mama."

Kimya. Nikadhani na yeye bando limekata.

Kijiweni sikupata nafuu. Vijana wa bodaboda wanaocheza drafti kwa vizibo vya soda niliwachorea fumbo lenyewe mchangani. Mmoja akasema ni mambo ya kificho ya matajiri, usiyaandame usiku. Mwingine akaomba nimuuzie hizo namba akabeti.

Basi nikaamua kulifungua mwenyewe. Pale Iyumbu nilikuwa na sebule ya mita 5.4 kwa 5.4, vigae vya 60 kwa 60, tisa kwa tisa kamili. Ungekuwa wewe ungeacha? Nikaandika 1 kwa penseli ya fundi, nikaandika 2, nikalala kifudifudi kuwaza. Saidia fundi wangu kasimama na ndoo, gundi inamkaukia. Hadi saa sita nilikuwa nimejaza visanduku 30 na kufuta 28. Mwenye nyumba akaingia, akasoma sakafu yake taratibu, saba, tatu, tisa.

"Fundi, hizi ndizo bei? Mbona kila kigae na bei yake?"

Nilifuta kwa magoti.

Jumapili ndipo mpwa wangu anayesoma UDOM alipokuja kula. Nikamsimulia. Hakuacha hata tonge; kwa mkono wa kushoto akaandika maneno mawili matatu ya Kiingereza, na mlenda haujapoa, hii hapa. Nilikaribia kulia.

"Mjomba, hii ni sudoku. Unajaza 1 hadi 9, na namba haijirudii kwenye mstari wa kulala, wa kusimama, wala ndani ya boksi la tatu kwa tatu."

Kumbe wanaoendesha chaneli ni Waingereza wawili, Simon Anthony na Mark Goodliffe, inaitwa Cracking the Cryptic, na aliye kwenye video ni Simon. Fumbo lilitungwa na Mitchell Lee. Video ina dakika 25 tu, na imepandishwa Mei 2020. Miaka yote hiyo! Mimi naihangaikia kama taarifa ya habari ya jana usiku.

Nikamwambia namba mbili hazitoshi, hata wewe msomi unaona. Akasema uko sahihi kabisa mjomba, sudoku ya kawaida yenye jibu moja tu haikubali namba za kuanzia chini ya 17. Kuna profesa wa Dublin, Gary McGuire, yeye na wenzake waliziachia kompyuta zitafute yenye 16, na mwaka 2012 wakatangaza hakuna. Ila hii ina masharti ya ziada. Namba haijirudii ukiruka hatua ya farasi wa sataranji, yaani visanduku viwili mbele na kimoja kando, wala hatua moja ya mfalme upande wowote, na namba zinazofuatana hazikai ubavu kwa ubavu, yaani 4 hailali na 5.

Masharti! Kinyozi hakunitafsiria masharti hata moja. Nimechafua sebule ya watu kwa sheria nusu.

Tukaangalia. Na kweli, ukiyajua hayo, kila namba inafukuza wenzake kwenye visanduku vya jirani, zinabanwa, zinabanwa, hadi 2 haina pa kwenda ila pale pale. Mzungu anazidi kushangaa, mimi nazidi kusogelea skrini, mpwa wangu ananiambia mjomba usiishike, una mlenda. Alipomaliza cha mwisho nilipiga meza hadi mke wangu akatoka jikoni akisema "Haleluya".

Kitu kimoja tu kilinisumbua.

"Mpwa, huyu siye. Hana kofia."

"Mjomba, ni huyuhuyu."

Nikarudisha mwanzo. Visanduku vilevile, 1, 2, kicheko kilekile. Kichwa wazi. Nikafumba macho nikajirudisha kwenye kiti cha kinyozi: simu, kopo la poda, kioo... na ndani ya kioo, nyuma yangu, kwenye benchi la foleni, kapelo nyekundu. Namjua huyo. Anauza mkaa karibu na soko la Majengo.

Simu ikaita. Mpwapwa.

"Mwanangu, umempata?"

"Nimempata, mama."

Vigelegele nilivyovisikia, nadhani nyumba nzima walikuwa wameketi kusubiri. Vilipotulia akauliza polepole, kama anayeogopa jibu:

"Na ile kofia?"

"Ya muuza mkaa, mama."