Ndege 352 za Hartmann: Tunamsifu Rubani wa Vita kwa Lipi?

Wapenzi wa historia ya vita vya anga wakianza kubishana nani alikuwa rubani bora, haipiti muda jina la Erich Hartmann linatajwa. Mjerumani huyu alihesabiwa kutungua ndege 352 katika Vita Kuu ya Pili, na hakuna rubani wa nchi yoyote, kabla yake wala baada yake, aliyefika hapo. Kwa wengi namba hiyo imeshafunga ubishi. Mimi hainitoshi. Nataka kujua ilipatikanaje, dhidi ya nani na kwa faida ya nani, maana tunapomsifu rubani wa vita tunamsifu mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuua.

Apewe haki yake kwanza. Hartmann alifika upande wa mashariki, kupigana na Wasovieti, Oktoba 1942 akiwa na miaka 20, katika kikosi cha JG 52. Safari yake ya kwanza ya vita ilikuwa aibu tupu. Aliacha nafasi yake, akamdhania kiongozi wake kuwa adui akamkimbia, mafuta yakamwishia, ndege akaitua kwa tumbo. Adhabu ikawa siku tatu za kufanya kazi na mafundi wa chini. Aliyemnyoosha ni Edmund Rossmann, rubani mzoefu mwenye jeraha la mkono lililomzuia kukata kona kali za mapambano ya kuzungukana. Kwa kuwa nguvu hakuwa nayo, Rossmann alitegemea macho: aliona kwanza, akapima, akashambulia ghafla, akaondoka. Hartmann aliichukua mbinu hiyo nzima nzima. Hakufyatua risasi mpaka ndege ya adui ijae kwenye kioo chake cha mbele, na akiona hali haimfai aliachana nayo. Mara kadhaa ndege yake iliharibiwa na vipande vya ndege alizozipasua kwa karibu mno.

Aliruka safari zaidi ya 1,400 za vita. Na jambo alilojivunia zaidi miaka ya baadaye halikuwa hesabu yake, bali kwamba hakupoteza rubani wa ubavuni, yaani yule anayeruka nyuma yake kumlinda mgongo. Mmoja wao, aliyehamia kutoka ndege za mabomu, alitunguliwa, lakini aliruka kwa mwavuli akapona. Hapo hata mimi namvulia kofia.

Sasa turudi kwenye 352. Wa pili kwa hesabu duniani ni Gerhard Barkhorn, ndege 301. Wa tatu ni Günther Rall, 275. Wote watatu walitoka JG 52. Vipaji adimu vitatu haviwezi kukusanyika kikosi kimoja kwa bahati tu. Lazima mazingira yalichangia. Mjerumani hakuwa na kikomo cha zamu. Aliruka mpaka afe, atekwe, au vita viishe, na miaka ya mwanzo alikutana na Wasovieti wengi waliotupwa vitani na mafunzo ya haraka haraka. Marekani ilifanya tofauti: rubani akishamaliza zamu yake alirudishwa nyumbani, mara nyingi kufundisha wengine. Ndiyo maana bingwa wao, Richard Bong, aliishia na ndege 40 alizozitungua Pasifiki, na wakuu wake wakamwondoa vitani akiwa bado anataka kuendelea. Msovieti Ivan Kozhedub, aliyeongoza upande wote wa Washirika, yaani nchi zilizopigana na Ujerumani, alikuwa na 62. Anayeweka 352 pembeni ya 40 na kuhitimisha kwamba mmoja alikuwa hodari mara tisa ya mwingine analinganisha taratibu mbili za majeshi, halafu anadhani amelinganisha watu wawili.

Tena hesabu zenyewe zilithibitishwa na upande wa mtunguaji. Jeshi lolote la anga lilidai kuliko lilivyoangusha, kwa sababu katika vurugu za angani marubani wawili hupiga ndege moja na kila mmoja akaona ni yake. Mfano unaonigusa zaidi ni wa Marmaduke Pattle, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa rubani wa Uingereza. Alikufa tarehe 20 Aprili 1941 juu ya Athens, akiwa na homa, akiongoza ndege chache za Hurricane zilizobaki Ugiriki dhidi ya Wajerumani waliowazidi mno. Nyaraka za kikosi zilipotea katika kuikimbia nchi, kwa hiyo hesabu yake ni ya makadirio: wengine husema 40, wengine zaidi ya 50. Huenda ndiye aliyewapita marubani wote wa Uingereza, na nje ya wapenzi wa somo hili hana jina. Miongoni mwa walioruka siku hiyo alikuwemo kijana aliyetokea Dar es Salaam, Roald Dahl, aliyeacha kazi ya kampuni ya mafuta ya Shell, akajiandikisha Nairobi mwaka 1939 na kuanza kujifunza urubani huko huko. Yeye alinusurika, akaja kuwa mwandishi wa watoto anayejulikana dunia nzima. Pattle karatasi zake zilipotea, na umaarufu ukapotea nazo.

Zaidi ya namba kuna jambo zito, nalo ni bendera. Wanaomtetea Hartmann husema rubani hachagui serikali. Alizaliwa Ujerumani, akaitumikia Ujerumani. Husema pia kwamba Wasovieti walimweka kifungoni mpaka 1955 kwa mashtaka ya uhalifu wa kivita, na Urusi yenyewe ikamsafisha jina mwaka 1997, miaka minne baada ya kifo chake. Hoja hizi si za kupuuza. Lakini wengi wa Wasovieti aliowatungua walikuwa juu ya ardhi yao, wakipambana na jeshi lililokuja kuwateketeza. Kwenye anga ya Kuban, kusini mwa Urusi, ambako Hartmann naye aliruka mwaka 1943, alikuwepo Msovieti Alexander Pokryshkin, ndege 59, aliyekuwa akiandika mbinu zake na kuzichora kisha akawafundisha vijana wake namna ya kupanda juu, kuongeza kasi na kushambulia wakiwa wamejipanga. Umahiri wa Pokryshkin na wa Hartmann unaweza kulinganishwa. Walichokuwa wakikitetea hakilinganishwi.

Wajerumani wenyewe wamelipitia jambo hili hadharani. Kikosi chao cha JG 74 kule Neuburg kilibeba jina la Werner Mölders tangu 1973. Huyu ndiye rubani wa kwanza kufikisha ndege 100, na ndiye aliyeboresha mpangilio wa ndege nne, jozi mbili zinazolindana, ambao majeshi karibu yote yaliuiga na ungali unatumika. Tatizo ni kwamba mpangilio huo aliukamilisha Hispania, akiwa katika Legion Condor, jeshi ambalo Hitler alilituma kumsaidia Jenerali Franco katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo. Mwaka 1998 Bunge la Ujerumani liliazimia waliotumikia legioni hiyo wasiendelee kuenziwa na jeshi, na mwaka 2005 waziri wa ulinzi Peter Struck akaamuru jina liondolewe.

Maafisa wastaafu walikasirika, na walikuwa na la kusema. Guernica, mji wa Hispania, ulipigwa mabomu na legioni hiyo Aprili 1937; Mölders alifika Hispania 1938. Alikuwa rubani wa ndege za mapigano na hakudondosha mabomu juu ya mji ule. Kwa nini abebeshwe dhambi asiyoitenda? Nimeipima hoja hiyo, na bado naona Struck alikuwa sahihi. Jina lililoandikwa kwenye lango la kambi halitoi hukumu ya uhalifu, linamwambia kuruta wa leo amfuate nani. Mpangilio wa ndege nne ufundishwe, na Mölders atajwe kuwa mwasisi wake. Kumfanya mlezi wa jeshi la nchi ya kidemokrasia ni hatua nyingine kabisa.

Kama ni Mjerumani wa kumpenda bila kigugumizi, wangu ni Franz Stigler. Tarehe 20 Desemba 1943 aliikimbilia ndege ya mabomu ya Kimarekani, B-17 ya rubani Charlie Brown, iliyokuwa ikijikokota kutoka mji wa Bremen, Ujerumani. Alipoikaribia aliona bunduki ya mkiani haisogei, mpigaji wake amekufa, na kupitia matundu ya ubavuni akawaona majeruhi wakihudumiwa na wenzao. Kamanda wake wa zamani alishawaonya kwamba atakayemwona akimpiga mtu anayening'inia kwenye mwavuli atamuua yeye mwenyewe, na Stigler aliona hawa hawana tofauti na walio kwenye mwavuli. Akaruka ubavuni mwao ili wapiga mizinga wa Kijerumani wasifyatue, akawasindikiza mpaka baharini, akapiga saluti, akageuka. Angejulikana, angefikishwa mbele ya kikosi cha kupiga risasi, kwa hiyo alinyamaza. Brown alikuja kumpata mwaka 1990, Stigler akiwa ameshahamia Kanada. Mtu anaweza kuuliza: je, wale Wamarekani hawakurudi kudondosha mabomu kwingine? Swali ni halali, na mwanajeshi mwenye msimamo mkali atasema Stigler alikosea. Mimi sikubaliani naye.

Kwa kipimo hicho hicho namrudia Hartmann, safari hii akiwa amevaa sare ya Ujerumani Magharibi. Baada ya kifungo alirudi jeshini na kukabidhiwa kikosi cha JG 71. Nchi yake iliponunua kwa mamia ndege za F-104 Starfighter, yeye alipinga waziwazi. Alisema ndege hiyo ni hatari na vijana hawajaandaliwa kuirusha. Msimamo huo uliwaudhi wakubwa, naye akastaafu mapema mwaka 1970. Ujerumani Magharibi ilikuja kupoteza karibu Starfighter 300, na zaidi ya marubani 100 walikufa ndani yake wakati wa amani. Hartmann aliyeweka cheo chake rehani kwa ajili ya vijana hao ndiye ninayemsifu, na kwa hilo hakuongezewa ndege hata moja kwenye hesabu yake.