65534 si mtu

Juzi niliingia kwenye kontena, yaani mazingira yaliyotengwa ndani ya mashine ya Linux, nikaandika `id`, nikaambiwa mimi ni root, mtumiaji mwenye mamlaka yote. Safi. Nikapiga `ls -l` kwenye folda iliyopachikwa kutoka nje: mafaili yote ya nobody, yule mtumiaji wa jina tu, namba 65534. Nikajaribu `chown`, amri ya kubadili mwenye faili. Huna ruhusa. Root gani huyu anayeshindwa na mali ya nobody?

Jibu mnalijua. Mwenye mafaili ana namba isiyomo kwenye `uid_map`, ramani inayolinganisha namba za watumiaji wa ndani ya kontena na za nje, na kerneli, kiini cha Linux, badala ya kukiri hivyo, inarudisha 65534. Sina ugomvi na neimuspesi zenyewe, huo utengano unaolipa kontena watumiaji wake. Tangu Linux 3.8, mwaka 2013, mtumiaji wa kawaida anaweza kujitengenezea yake, na hilo ni jambo kubwa. Ninachokataa ni kudanganywa na `stat`, wito ambao programu huutumia kuiuliza kerneli habari za faili.

Watumiaji wawili wasiojuana kabisa huko nje, ndani ya kontena wanageuka mtu mmoja. Programu inayolinganisha wenye mafaili kwa namba itaapa kwamba ni yule yule. Ssh nayo ikikuta mipangilio yake ni ya nobody inagoma, ilhali nje ya kontena faili ni la root na halina kasoro yoyote. Namba yenyewe ya kuazima: ilikuwa kiraka cha enzi za kutoka biti 16 kwenda 32, kwa mtumiaji ambaye namba yake haienei kwenye biti 16.

Na wenyewe ndani ya kerneli hawajifanyii uzembe huu! Walijiundia `kuid_t`, aina maalumu ya data ya namba za watumiaji, ili kompaila imkatae mapema anayechanganya namba za ndani na za nje. Wana `from_kuid`, inayorudisha -1 mtu asipokuwa na namba upande wako, na wana `from_kuid_munged`, inayorudisha 65534. Ya kwanza wana uwezo wa kuitumia wao. Sisi huku `stat` inatugawia ya pili. Asanteni sana.

Haya, `stat` ni ya kale, na ikianza kurudisha kosa programu nyingi zitaanguka. Nakubali kwa shingo upande, ingawa hiyo hiyo `stat` kwenye mashine za biti 32 hurudisha kosa la EOVERFLOW bila haya ukubwa wa faili usipoenea. Lakini `statx`, mdogo wake wa kisasa, je? Imeingia Linux 4.11, mwaka 2017, ikiwa na `stx_mask`, mahali hasa pa kusema sehemu zipi za jibu zimejazwa. Biti ya `STATX_UID` ipo! Ilitosha kuizima mwenye faili anapokuwa hana namba kwa anayeuliza. Hakuna programu ya zamani ambayo ingevunjika, maana ilikuwa haijaandikwa hata moja. Badala yake biti inawashwa, 65534 inakaa pale kama jibu kamili.

Kupachika kwa ramani, yaani kupachika folda huku namba za wenye mafaili zikigeuzwa, kulikoanza na Linux 5.12, kumetuondolea adha nyingi za `chown -R`, ya kubadili wenye mafaili ya folda nzima. Pongezi kwao, ila kunamfaa anayejua mapema nani ageuzwe nani. 

"Si usome `uid_map` mwenyewe?" Nimeisoma: 0 100000 65536, yaani namba 65536 za ndani kuanzia 0, zikilingana na za nje kuanzia 100000. Maana yake 65534 imo, ni mtumiaji halali kabisa ndani ya kontena langu. Ramani inanithibitishia kwamba nobody yupo. Hainiambii kama faili hili ni lake au la mtu wa nje aliyevalishwa namba yake.